Waota Jua wa Maji Chumvi

Newala, 12 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Huku juu baridi imeanza mapema. Ukungu unaingia mpaka darasani, na wasichana wanakuja wamejitanda vitenge vya mama zao juu ya sare. Isaka wangu amerudi likizo kutoka chuo, mwembamba kama ufito, na anakula kama kiwavi. Baba yake anakusalimu. Mikorosho imeanza kutoa majani mapya na hazungumzi kingine. Mwambie binti yako Rose, nesi aliyeko hospitali ya Mkomaindo, kwamba dada yake hajafa, apige simu siku moja.

Sasa nililokusudia. Mwezi uliopita nilishuka Mtwara kwenye semina ya walimu wa biolojia. Wenzangu walirudi na samaki wakavu. Mimi nilirudi na madumu mawili, moja la maji ya bahari, jingine la maji ya shamba la chumvi, mekundu kama juisi ya rozela. Kondakta alinicheka njia nzima. "Mwalimu, Newala nzima inalilia maji, wewe unapandisha ya chumvi!" Nikamjibu kwamba hayo ndiyo salama, hakuna atakayeniibia.

Mle ndani mna bakteria, Mjomba. Wale wa baharini wengi hawana ukijani hata kidogo, na bado wanachukua nguvu kwenye jua. Hao wekundu wa chumvini ni binamu zao wa mbali, na kazi yao ni ileile. Watafiti wamelijua jambo la hao wa baharini tangu mwaka 2000. Mimi bado nafundisha kwamba jua ni mali ya majani ya kijani, nukta. Nimechoka kufundisha nukta.

Nimejaza chupa. Nusu ziko wazi, nusu nimezifunga kitambaa cheusi zisipate mwanga. Zote zimepangwa nyuma ya maabara, na kidato cha tatu watatazama kwa hadubini nani anavumilia zaidi. Nimeandika pia maelezo kwa Kiswahili, kurasa nne. Ninakutumia. Tangu darasa la tano sijaandika kitu cha maana bila kalamu yako nyekundu kukipitia, na sitaki kuanza leo.

Mpwa wako,
Anastasia


Lulindi, 9 Juni 2024

Mpwa wangu, marahaba.

Usishangae mwandiko, ni wa Rose. Amekuja kwa siku zake za mapumziko, na mimi salfa ya kupulizia mikorosho imeniingia machoni, yanawasha. Ndivyo ilivyo kila mwaka.

Kwetu hakuna baya. Mbuzi wa jirani wameingia kwenye mbaazi na jirani anasema mbuzi wangu ndio waliowafundisha. Kanisa limepata bati jipya upande wa altare, na mvua ikija itatulowesha tulio upande wa pili tu.

Nimefundisha miaka thelathini kwamba jua linashikwa na jani. Wewe ulikaa benchi la mbele ukaitikia kuliko wote. Leo unaniletea mdudu asiye na jani, asiyeonekana, tena wa kulipiwa nauli. Nenda taratibu. Huko ulikoolewa watu wana macho.

Kurasa zako ziko mezani. Ni nzuri kwa unene.

Mjomba wako,
Silvano


Newala, 16 Juni 2024

Mjomba, shikamoo. Pole na macho na pole na mbuzi.

Nzuri kwa unene! Mwalimu aliyenirudishia insha kwa sababu ya koma moja leo anapima karatasi kama anayepima mbaazi. Hujazisoma. Basi nakuandikia hapa, ili usipate pa kujificha.

Katika ngozi ya bakteria hawa mna pampu ndogo mno. Pampu hiyo ni protini iliyoshika punje ya rangi. Mwanga ukiigusa, ile rangi inajikunja, na katika kujikunja inasukuma chembe moja ya hidrojeni nje ya ngozi. Mwanga mwingine, chembe nyingine. Huko nje chembe zinajazana na zinataka kurudi ndani. Njia ya kurudi ina kinu kinachozunguka chembe zikipita, na kinu hicho ndicho kinachosaga nguvu ya kuishi. Sasa kumbuka maji yetu ya Newala. Pampu iko bondeni, inasukuma maji mpaka tanki la juu, kisha maji yanateremka yenyewe hadi mabombani, siku yakijisikia kuja. Ni jambo lilelile. Tofauti ni kwamba ya bakteria haikatiki umeme.

Sisemi wanajipikia chakula kama mmea. Chakula wanakiokota majini, kwenye mabaki ya wengine. Ila njaa ikiwakuta, watafiti wameona baadhi yao wakiwa juani wanadumu kuliko wakiwa gizani.

Na sikia hili. Ile rangi inaitwa retinali. Ni ndugu wa vitamini A, ile ya matone ambayo Rose anawadondoshea watoto kliniki. Rangi hiyohiyo imo ndani ya jicho lako. Hata sasa unaposoma mstari huu, Mjomba, unausoma kwa kitu walichonacho wadudu wangu. Unawadharau kwa kutumia mali yao.

Kalamu nyekundu. Nangoja.

Anastasia


Lulindi, 28 Julai 2024

Mpwa wangu, marahaba.

Nimechelewa, najua. Mikorosho imechanua vizuri upande wa bondeni, upande wa barabara imeshikwa na ukungu. Mjomba wako mdogo wa Lisekese anakusalimu, amenunua pikipiki na tayari imemwangusha.

Umeandika habari za macho. Tuyaache hayo.

Kurasa bado ziko mezani.

Silvano


Newala, 11 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Salamu leo ni fupi. Nyumbani wote wazima, mimi peke yangu ndiye mgonjwa wa hasira.

Jumatatu asubuhi, mstarini, msichana wa kidato cha tatu anayeitwa Queen alipiga kelele akaanguka. Kabla hatujamfikia, wengine wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, wanalia, wanarusha miguu. Mmoja akanyoosha kidole nyuma ya maabara: "Kule! Kwenye chupa!" Saa nne wazazi walikuwa wamejaa uwanjani. Bwana Uwesu, mwenyekiti wa wazazi, alitangulia mwenyewe kule nyuma. Walizimwaga zote, Mjomba. Miezi mitatu ya kazi. Imebaki moja ya maji mekundu, kwa sababu ilikuwa juu ya meza yangu na sahani ya karanga.

Sasa nikuambie lililowatisha, na ucheke ukitaka. Shule haina karatasi nyeusi. Nilipotaka kitambaa kisichopitisha mwanga nilikwenda sokoni nikanunua kilichopo. Kaniki. Maji ya bahari, kwenye chupa, yamefungwa kaniki, nyuma ya nyumba. Mimi mtoto wa misheni nilikuwa nawaza mwanga tu. Sikuona kwamba nimejenga kilinge cha mganga. Kila mzazi wa Newala aliona.

Queen alikuja baadaye kunieleza mwenyewe. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu mchana wa jana yake. Wasichana wanasimama mstarini na baridi hii bila hata uji. Wameitisha kikao kuhusu chupa zangu. Kuhusu uji hakuna aliyewahi kuitisha kikao.

Kikao ni Jumamosi tarehe 31. Wakiridhika kwamba nimeleta uganga shuleni watapeleka maombi niondolewe, na mwalimu anayeondoka na jina hilo hapokelewi mlango wowote. Unajua desturi yetu. Mtu akituhumiwa jambo la namna hii hakai peke yake. Mjomba wake anakuja, anakaa naye mbele ya watu, na kukaa kwake kunasema huyu ni wetu, tunamjua. Nikikaa peke yangu, watasema hata kwao wamemkataa.

Njoo ukae nami. Sikuombi uwaamini bakteria.

Anastasia


Lulindi, 18 Agosti 2024

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako tumeipata na imetunyima usingizi. Pole sana.

Safari hiyo sitaiweza. Barabara ni mbaya, na huu ni wakati wa kulinda mikorosho. Mjomba wako wa Lisekese angekuja, ila mguu bado una bandeji. Waeleze kwa upole. Omba radhi kwa ile kaniki, waambie hutarudia, mambo yatapoa.

Nakuombea.

Silvano


Newala, 22 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo ipo, kwa sababu ulinifunza kwamba haikatwi hata kwa ugomvi.

Kulinda mikorosho! Tangu lini korosho ambayo haijaanguka inalindwa na mzee wa miaka sabini na moja? Barabara mbaya! Ulipanda barabara hiyo mvua za masika kuja kumtetea mume wangu mbele ya wazazi wake, walipokuwa hawataki anioe, na matope mpaka magotini. Mwaka huu hakuna tone, na umeshindwa.

Nimekutumia kurasa, hukuzisoma. Nimekueleza kwa barua, ukanijibu pikipiki. Nimekuita, unaniambia niombe radhi. Sitaomba radhi kwa kufundisha. Kwa kaniki nitaomba, maana pale nilikosa mimi. Kwa jua, hapana.

Nitakwenda peke yangu. Nitakaa kwenye lile benchi na nitaacha nafasi pembeni yangu, ili kila mtu aone ilivyo tupu.

Anastasia


Lulindi, 26 Agosti 2024

ANASTASIA. HUU NI MWANDIKO WANGU. UTAZAME VIZURI. SIONI.

Mistari niliyoandika mwenyewe imepandana, Rose ananiambia. Sasa anaendelea yeye, na hapunguzi neno.

Si salfa. Ni presha ya macho. Hospitalini waliniambia mwaka jana, na walisema kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni kidogo. Natazama kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Kanisani nasoma masomo kwa kukariri usiku wa Jumamosi. Rose huja kila mwisho wa wiki, ananisomea, nashika. Jumapili nafungua Biblia na kugeuza ukurasa kwa adabu. Hakuna aliyejua. Wewe nilikuficha kuliko wote, kwa sababu wewe ndiye niliyekufundisha kusoma.

Kurasa zako nilimkataza Rose asinisomee. Nilitaka kuzisoma mimi, kwa kalamu mkononi. Nilikuwa nangoja macho yarudi. Ulipoandika kwamba naisoma barua yako kwa kitu cha wadudu, nilitoka nje nikakaa uani mpaka Rose akaniita chakula.

Jana nimemwambia asome zote. Amesoma mara mbili. Nina sahihisho moja, na ni kubwa.

Kila ukurasa umeandika wadudu "wanakula jua". Mwana wee! Katika nchi hii ni nani anayekula kisicholika, usiku, bila kuonekana? Umewaambia watu wenye hofu kwamba nyuma ya shule kuna kitu kinakula jua, nacho kimefungwa kaniki. Mimi mwenyewe ningekimbia. Halafu ni uongo kwa maneno yako mwenyewe. Ukurasa wa tatu unasema hawajipikii chakula, chakula wanaokota majini, jua linawasaidia kuvumilia njaa. Basi hawali. Mtu akitoka nje asubuhi ya Julai, akakaa ukutani kabla uji haujaiva, anafanya nini? Anaota jua. Halimshibishi, lakini linamfikisha kwenye uji. Wadudu wako wanaota jua, Anastasia. Andika hivyo.

Ile nafasi kwenye benchi usimpe mtu. Rose amechukua ruhusa. Tutapanda gari la kwanza.

Silvano


Newala, 8 Septemba 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Rose akusomee taratibu, na akifika mahali pa kunicheka asicheke. Mmefika salama, nimeambiwa. Mume wangu bado anasimulia jinsi ulivyomwambia dereva apunguze mwendo kwa sababu "wengine hapa tunatazama kwa masikio".

Kikao ulikisikia chote. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ulipoingia umeshika bega la Rose, walidhani ni uzee. Uwesu alipouliza, "Mwalimu, maji ya bahari yanatafuta nini milimani?" alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anaitazama ile chupa nyekundu, na ameshika mkongojo wake kama mtu anayengoja nyoka.

Ukamwita. "Bwana Uwesu, mtani wangu. Asubuhi kukiwa na baridi, kabla ya uji, wewe huwa unakaa wapi?"

"Nje, mzee. Ukutani kwangu."

"Unafanya nini hapo?"

"Naota jua."

"Unalila?"

Ulisikia kicheko. Hukuona kwamba mama yake Queen, aliyekuja amefunga kitambaa kichwani kwa vita, ndiye aliyeanza.

Kisha ukaeleza pampu. Sijawahi kusikia mtu akiifundisha vile, na kidato cha tatu wamenisikia mimi wiki nne. Ulipofika kwenye tanki na maji ya kuamua yenyewe siku ya kuja, kulikuwa na mzee mmoja dirishani anatikisa kichwa kama anayeitikia mahubiri.

Halafu ukasema wakupe ile chupa uonje. Hapo ndipo ukumbi uliponyamaza, na ulinong'ona kwangu, "Hoja imewaingia." Mjomba, haikuwa hoja. Nilikupa chupa, ukanyoosha mkono, na mkono ukapita pembeni yake. Ukanyoosha tena, ukapita tena. Watu wote waliona. Uwesu aliinuka kwenye kiti, akaushika mkono wako, akauweka kwenye chupa yeye mwenyewe. Yule uliyemshukuru ukidhani ni mimi, alikuwa Uwesu.

Ulipoonja na kuomba maji matamu ya kusukutua, bomba la shule likawa kavu, ilikuwa chupa yake ya kunywa iliyozunguka mpaka kwako.

Nakueleza ukweli, hilo liliniuma. Sikutaka tushinde kwa huruma. Nilijiandaa kwa mapambano, nilikuwa na hoja za kutosha kuwachosha mpaka magharibi, na wao wakalainika kwa mkono wa mzee. Nilikaa na uchungu huo siku nzima. Jumatatu Uwesu alikuja ofisini kwangu peke yake. Nikajiweka tayari. Akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, neno moja linanisumbua. Hao wadudu, usiku wanaishije?"

Mjomba, nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia hilo ndilo ambalo zile chupa za giza zilikuwa zinauliza, na yeye amelimwaga.

Akajikuna kichwa. Sasa uamuzi wa wazazi ndio huu. Ninabaki. Chupa zirudi, lakini zisifichwe nyuma ya nyumba. Zikae uwanjani karibu na mlingoti wa bendera, kila mtu azione, jua lizipige toka asubuhi hadi jioni. Wamedhani ni masharti magumu! Mahali pazuri zaidi ya hapo nisingeweza kuomba. Uwesu mwenyewe ataniletea maji kutoka Mtwara akipeleka mzigo.

Tatizo ni moja. Kaniki marufuku, na kitambaa chochote cheusi nitakachonunua sokoni watasema ni kaniki iliyobadili jina. Bila giza sina jaribio. Nitapata njia, sijui ipi, ila nitapata.

Na kile kikao cha uji nimeshakiombea tarehe. Hicho nitakaa peke yangu, usipande gari. Hiyo vita naijua.

Anastasia


Lulindi, 6 Oktoba 2024

Mpwa wangu, marahaba.

Korosho zimeanza kuanguka na mbuzi wa jirani wamezigundua kabla yetu. Rose amerudi kazini, anayeandika hapa ni mke wa katekista, kwa hiyo nakuwa na adabu.

Nimesikia aliyenishika mkono ni mtani. Mwambie ana mkono laini kwa mtu anayejiita mkulima.

Jumapili iliyopita nilimwambia padri mbele ya wote atafute msomaji mwingine, kwa sababu huyu hasomi, anakariri. Kisha mama mmoja nyuma akasema, "Tulijua, Mwalimu. Siku ile ulishika Biblia juu chini." Mwaka mzima najificha kwa watu wanaoniona!

Kwenye kifurushi hiki kuna kanzu yangu nyeusi ya usomaji. Rose ameikata vipande kabla hajaondoka, kila kimoja kinatosha chupa. Ni kitambaa kizito cha zamani, mwanga haupiti. Nimejaribu kwa jicho langu hili, ingawa shahidi huyo si wa kutegemewa. Atakayesema ni uganga mwambie imesimama mbele ya altare miaka ishirini na mbili, akaulize kwa padri wa Lulindi.

Na kurasa zako zimo. Rose aliweka kidole pale panapoandikwa "wanakula", mimi nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikaandika "wanaota". Kila mahali. Herufi zimepotoka, usizinyooshe. Wapigie chapa watoto hivyo hivyo.

Nitakuja Novemba kutazama majibu, yaani kuyasikia. Chupa moja ya wazi iwekee kiti pembeni. Nataka kukaa nayo asubuhi, kabla ya uji.

Mjomba wako,
Silvano